Pa Kulaza Ubavu: Kufuata Nyayo za Nyumba za Hisani kutoka Mukuru

Mukuru kwa Reuben imegawanyika katika vijiji, na majina ya vijiji hivyo yana habari ndani yake. Kuna Mombasa, kuna Wesinya, kuna Simba Cool. Halafu kuna kinachoitwa Feed the Children, jina la shirika la misaada, na kingine kinachoitwa Gatoto, jina ambalo pia ni la shule ya jamii iliyoanza mwaka 1994. Mtu akikuambia anakaa Feed the Children hana maana kwamba analelewa na wafadhili. Hapo ndipo kwake. Ana kodi ya kulipa mwisho wa mwezi na jirani wa kugombana naye juu ya kamba ya kuanikia nguo. Lakini hisani imekaa mtaa huu muda mrefu hata ikawa anwani.

Nilitaka kuifuata hisani hiyo kinyumenyume. Nyumba za watoto, mabweni ya vijana, hosteli za wasichana wa kazi, vituo vya wavulana wa mitaani: zilitoka wapi, na kwa nini zikazidi kuota upande huu wa Nairobi? Kadiri nilivyorudi nyuma ndivyo nilivyoona kwamba huwa tunaanzia hadithi hii mahali pasipofaa. Tunaanza na mfadhili, padri fulani au sista fulani mwenye moyo wa huruma, kisha tunamshukuru na kwenda zetu. Mimi naona tuanze na mtoto. Kabla hajabisha hodi pale kituoni alikuwa akilala wapi, na nani aliyepavunja mahali hapo?

Kwa Reuben imebanwa kati ya Eneo la Viwanda na Mto Ngong. Wazee husimulia kwamba Reuben alikuwa mzungu, askari wa zamani, aliyekuwa na malori yake hapa. Baadaye vibarua wakajenga karibu na malango ya viwanda, maana ujira wa kutwa hauachi nauli. Serikali nayo, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, ikaigawa sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru kwa watu binafsi na makampuni, na watu wakiwa wanaishi juu yake. Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, baba na mama na watoto wanne ndani, umeme wa sambaza, yaani wa kuunganishwa kinyemela, na hati ya kiwanja iko kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona: hapo mtoto anaweza kupendwa sana na bado asiwe na uhakika wa kulala hapo wiki ijayo. Mnamo Septemba 12, 2011 petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ililipuka Sinai, jirani na hapa, ikaua watu zaidi ya 100. Mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na familia zikalala juu ya vifusi vya vyumba vyao.

Ndani ya mazingira haya ndimo alimoingia Sista Mary Killeen, Mwairishi wa Shirika la Masista wa Huruma. Alifika Kenya mwaka 1976, na mwaka 1985 akaanzisha Mukuru Promotion Centre. Shirika lake halikuwa geni. Lilikuwa nchini tangu 1956, na hospitali yake ya Mater imekuwa South B, hatua chache kutoka mabandani, tangu 1962. Jambo la kuangalia ni aina ya kazi iliyotangulizwa. Kwa sehemu kubwa ilikuwa shule za kutwa. Mtoto anakuja asubuhi, anasoma, anakula, anatibiwa akiugua, na jioni anarudi kwa mamake. Pa kulala palitengwa kwa wavulana waliokwisha kuhamia barabarani, katika kituo cha Mary Immaculate, waache gundi, warudi darasani, na kisha watafutiwe njia ya kurudi kwa jamaa zao.

Mpangilio huo haukutokea hivi hivi, na ili kuuelewa inabidi twende mbali kidogo. Shirika la Masista wa Huruma lilizaliwa ndani ya hosteli. Mjini Dublin, mwanamke aitwaye Catherine McAuley alirithi mali ya familia iliyokuwa imemtunza, akajenga nyumba kubwa Baggot Street na kuifungua Septemba 24, 1827. Hakuwa mtawa wakati huo. Nyumba ilikuwa na shule ya wasichana maskini na malazi ya wanawake vijana, hasa watumishi wa nyumbani waliokosa kazi. Msichana aliyetoka mashambani kufanya kazi kwa matajiri alilala palepale kazini. Akifukuzwa, alipoteza ujira na kitanda kwa siku moja, na mji ulikuwa na watu waliokuwa tayari kumkaribisha kwa nia mbaya. Shirika lenyewe liliundwa baadaye, Desemba 1831, kuiendeleza kazi ya nyumba ile.

Sidhani mkazi wa Eastlands anahitaji kuelezwa hali hiyo. Jumapili jioni msichana wa kazi aliyetimuliwa Buruburu au South B, mfuko mkononi, hana jamaa mjini, simu haina chaji. Yuko katika hali ileile iliyomfanya McAuley ajenge. Tofauti ni kwamba Nairobi ina wasichana wengi kama yeye kuliko vitanda vya hosteli zote za makanisa zikiwekwa pamoja.

Ndani ya kwa Reuben kwenyewe kuna tawi jingine la mti huo wa Ireland. Ruben Centre, yenye shule, zahanati na redio ya mtaa, inaendeshwa na Mabruda wa Kikristo, shirika la Edmund Rice, mfanyabiashara mjane wa Waterford aliyeanza kufundisha watoto maskini mwaka 1802. Mashirika haya mawili yana jambo ambalo haitakuwa haki kulifunika kwa sababu ya mema yanayofanyika Mukuru. Huko kwao, kwa miongo mingi ya karne ya 20, yaliendesha shule za bweni za viwandani ambamo serikali iliwafungia watoto wa maskini kwa amri ya mahakama. Mei 20, 2009, tume iliyochunguza mateso ya watoto ilitoa ripoti yake. Vipigo, njaa na udhalilishaji vilikuwa desturi, na katika taasisi za wavulana unyanyasaji wa kingono ulikuwa umeenea. Serikali ilizilipa shule hizo kwa idadi ya vichwa. Mtoto aliyerudishwa kwao alikuwa fedha zilizoondoka.

Nimeyaandika haya kwa sababu ndiyo mafunzo makubwa kabisa katika historia yote hii, na yalilipiwa na watoto. Nyumba iliyofunguliwa mwaka 1827 ili msichana apumzike kisha aende zake, na shule ya viwandani ya karne iliyofuata, zote ziliitwa hisani. Moja ilikuwa na mlango wa kutokea. Nyingine ililipwa kuufunga. Kituo kinachomlisha mtoto wa Mukuru mchana na kumwacha alale kwa mamake kimechagua upande, hata kama hakuna anayelisema hilo kwenye hotuba za siku ya wazazi.

Kutoka kwa Reuben nilifuata njia ya vibarua kuelekea mjini: Enterprise Road, viwandani, Jogoo Road, kisha mitaa ya kale ya Makongeni, Kaloleni na Shauri Moyo. Mitaa hii inaonyesha wazi aliyezivunja nyumba za kwanza. Nairobi ya kikoloni ilimtaka Mwafrika kama mkono wa kazi tu. Alihesabiwa mgeni, shingoni amevaa kipande, hati yake ya utambulisho, na alijengewa nafasi ya kitanda. Katika Kariokor, mahali penye jina la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wanaume walilazwa katika mabweni. Muthurwa, Reli ilijenga vyumba vya wafanyakazi wake. Mke na watoto walitakiwa kubaki rizavu. Aliyekuja na mtoto alimficha, na kijana aliyekuja peke yake kutafuta kazi hakuwa na mahali halali pa kuweka kichwa.

Jibu la serikali lilikuwa polisi. Kijana alikamatwa kwa uzururaji, akachapwa au akarudishwa kwao kwa gari moshi. Shule ya kurekebisha tabia ya Kabete ilifunguliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na sheria ya watoto ya 1934 ikaweka msingi wa shule za aina hiyo, ambazo zingali nasi kwa majina mapya. Makanisa na vyama yalijibu kwa njia nyingine. YMCA, iliyoanza London mwaka 1844 kwa ajili ya vijana wa maduka waliolala juu ya bidhaa za mabwana zao, ilikuwa Kenya tangu 1910, na hosteli yake ya Shauri Moyo bado inapokea vijana wanaojifunza kazi. YWCA ilifuata mwaka 1912. Pumwani, kanisa la Anglikana lilifungua kituo cha jamii cha St John's mwaka 1957, miaka ambayo Eastlands nzima ilikuwa bado na majeraha.

Majeraha hayo yalikuwa ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Aprili 24, 1954 jeshi la Waingereza liliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walizolewa, hasa kutoka Eastlands, wakapelekwa kambini Langata, Mackinnon Road na Manyani. Watoto walibaki mitaani bila baba, wengine bila mama pia. Na vijana wadogo walizolewa pamoja na wakubwa. Mwaka 1955 serikali ikawatenga vijana hao katika kambi ya Wamumu, huko Mwea. Mmoja wa waliofanya kazi Wamumu alikuwa Geoffrey Griffin, mzungu aliyezaliwa Eldoret mwaka 1933 na kutumika jeshini kabla ya kuachana nalo. Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walikuwa pamoja naye huko.

Novemba 14, 1959, watu hawa watatu walifungua Starehe Boys' Centre, karibu na Kariokor. Walianza na mabanda mawili ya mabati yaliyotolewa na kampuni za Shell na BP, na wavulana waliokuwa wakilala penye varanda za mji. Griffin alikuwa na miaka 26. Habari za Starehe tunazijua sana kwa upande wa matokeo ya mitihani, mawaziri na madaktari, kiasi kwamba tumesahau kuwa ilianza kama mahali pa kulala. Carey Francis, mwalimu mkuu maarufu wa Alliance, alipostaafu mwaka 1962 hakurudi Uingereza; alihamia Pumwani kufundisha katika shule ya sekondari ya mtaani, na huko ndiko alikofia mwaka 1966. Hewa ya miaka ile ilikuwa hiyo. Watu walihisi kwamba kizazi kimeharibiwa na kwamba kuna deni.

Nikiipima Starehe kwa kipimo cha mlango, naikuta mahali pa pekee. Ni bweni, na mtoto anaondoka kwao. Lakini anarudi likizo; waliolipa karo na wasiolipa wanavaa sare moja na kula meza moja; na tangu mapema wanafunzi walitumwa kujitolea katika jamii nyakati za likizo. Griffin aliiongoza hadi kufa kwake Juni 28, 2005, na kwa miaka mingi, kuanzia 1964, aliongoza pia Huduma ya Vijana kwa Taifa. Binafsi naamini nguvu ya Starehe ilikuwa Geturo na Gikubu kama ilivyokuwa Griffin. Kijana aliyetoka kambini alikutana na watu waliojua lugha ya mamake, na ambao hawakumhitaji amsahau. Majina yao yanastahili kutajwa kwa sauti ileile.

Uhuru haukuyamaliza mashaka haya. Sheria za kuwazuia watu kuingia mjini zililegezwa, watu wakaja, nyumba hazikujengwa kwa kasi hiyo, na kufikia miaka ya 1970 katikati ya jiji kulikuwa na kundi jipya: wavulana walioelekeza magari pa kuegesha na kuyalinda kwa senti chache. Mji uliwaita parking boys ukiwa na adabu, na chokoraa ukiwa hauna. Padri Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza kuzungumza nao kwenye base zao usiku. Mwaka 1973 alianzisha Undugu Society of Kenya.

Undugu walifungua nyumba, lakini hawakukaa wakishangilia nyumba. Waliona kwamba kwa kila mvulana waliyemlaza, mwingine alitoka Mathare au Pumwani kuchukua nafasi yake barabarani. Kwa hiyo wakaufuata mfereji hadi kwenye chemchemi: elimu ya msingi ya miaka michache kwa waliokosa shule, mafunzo kwa fundi wa jua kali, mikopo midogo kwa akina mama, ujenzi wa vibanda bora. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, hisani ya Nairobi ilipokomaa. Na si ya Wakristo peke yao. Huko Eastleigh, Mama Fatuma alianzisha nyumba ya watoto inayobeba jina lake hadi leo, Mama Fatuma Goodwill Children's Home, kazi ya mwanamke Mwislamu aliyeichukulia haki ya yatima kuwa deni lake mwenyewe.

Baadaye ugonjwa wa ukimwi ulivunja nyumba zaidi ya tingatinga lolote. Mwaka 1992 Padri Angelo D'Agostino, Mjesuti na daktari, alifungua Nyumbani, kituo kilichoko Karen, kwa watoto wenye virusi ambao hakuna aliyetaka kuwashika. Shule za serikali ziliwakataa, Nyumbani ikaenda mahakamani, na Januari 2004 watoto wakakubaliwa darasani. Lakini hata Nyumbani, iliyo na jina la nyumba, ilianzisha mpango wa Lea Toto, ambao huwafuata watoto wenye virusi na walezi wao katika mitaa ya mabanda, Mukuru ikiwemo. Dawa inamfuata mtoto kwa bibi yake.

Lakini njia hii ya nyumba za hisani haianzii Nairobi. Inaanzia baharini. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya kanisa la Anglikana, alifika Unguja, na Sultani Majid akampa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, baadaye alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupewa daraja katika kanisa hilo. Kutokana na watoto wa namna hiyo vikakua chuo cha Kiungani na shule ya wasichana ya Mbweni. Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua kijiji chao mwaka 1868. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba uliosukumwa na Sir Bartle Frere, na mwaka 1875 misheni ya CMS ikaanzisha Frere Town, Mombasa ya bara, kwa walioachiwa huru. Mnara wa kengele iliyolia kutahadharisha watu ungali umesimama, na mahali pale huitwa Kengeleni.

Hawa ndio watoto wa kwanza wa nyumba za hisani katika pwani yetu, na aliyewavunjia nyumba anajulikana: mwindaji, mwenye msafara, mwenye jahazi, na mnunuzi wa karafuu na pembe aliyekuwa mbali. Wengi wao hawakuweza kurudishwa. Mtoto aliyechukuliwa Ziwa Nyasa akiwa na miaka mitano hakulijua jina la kijiji chake. Baadhi walikuwa wamepelekwa hadi India, Nasik, wakasomeshwa huko, na wakaletwa Mombasa wakiwa watu wazima wenye majina kama William Jones na Ishmael Semler. Misheni iliwapa dini, ufundi, ndoa na jina, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuwarudisha. Ilikuwa hali ya lazima. Kosa lililofuata, katika karne nzima iliyokuja, ni kuchukua dawa ya mtoto aliyepotezwa kabisa na kumnywesha mtoto ambaye mamake yuko kilomita mbili, tena yu hai, ila ni maskini. Uingereza ilifanya vivyo hivyo kwa kiwango cha kutisha: nyumba za Dkt. Barnardo na nyinginezo zilisafirisha watoto kama 100,000 hadi Kanada, wengi wao wakiwa na mzazi.

Kenya nayo ilinogewa. Vituo viliongezeka kwa mamia, kwingine kwa nia safi, kwingine kwa kuwa mfadhili wa ng'ambo alilipa kwa picha na idadi ya watoto, jambo linalokaribia mno ile hesabu ya vichwa ya Ireland. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya. Mwaka 2022 ilikuja Sheria mpya ya Watoto, pamoja na mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto katika familia na jamii. Sheria hiyo inaitambua pia kafala, malezi ya Kiislamu ambayo watu wa pwani waliyaishi kabla ya kituo chochote kusajiliwa.

Nauunga mkono mkakati huo, na nina hofu nao. Hofu ya kwanza ni ya vijana. Kituo kinamlea mtu tangu utotoni, akitimiza miaka 18 anakabidhiwa sanduku na barua. Waliopitia hayo wameunda chama chao, Kenya Society of Care Leavers, na wanachosema ni kwamba kati ya kituo na maisha kunakosekana daraja. Hapo ndipo hosteli ya kale, ile ya Baggot Street na ya Shauri Moyo, inapohitajika tena: kitanda cha bei nafuu kwa mwaka mmoja au miwili, karibu na kazi, kwa kijana aliye na ufunguo wake mwenyewe. Eneo la Viwanda lina mabohari matupu. Kwa Reuben ina wasichana wanaolala watatu kitanda kimoja ili wawahi zamu ya asubuhi.

Hofu ya pili ni ya ardhi. Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi, wakiwa na Muungano wa Wanavijiji, walikaa kwenye mikutano kijiji kwa kijiji wakichora barabara, maji na vyoo. Kazi kubwa ilifanyika na baadhi ya barabara zimejengwa, ila suala la nani anamiliki kiwanja limebaki gumu. Ofisi ya watoto inasoma mkakati wake, ofisi ya ardhi inasoma ramani yake. Afisa anayemtoa msichana wa miaka tisa kituoni na kumpeleka kwa shangazi yake kwa Reuben atajaza fomu ya kuhakikisha shangazi ana afya, ana kazi, ana godoro la ziada. Kuhusu kama chumba hicho kitakuwepo tingatinga likipita, fomu haiulizi, na shangazi hana la kujibu mpaka aliye na hati apatikane.